Kupanga Insha Kabla ya Kuiandika

Siku moja tulisomewa barua ya mzee mmoja aliyedai shamba lake. Kurasa tatu za kwanza zilikuwa salamu, habari za mvua na nasaba yake. Mpaka wa shamba, ambao ndio haja yenyewe, ulitajwa mwisho, wala hapakuwa na jina la shahidi hata mmoja. Shauri likaahirishwa. Mzee hakukosa maneno, alikosa mpango.

Basi kabla ya kuchovya kalamu, twaa kikaratasi uandike yote yakujiayo, bila kuchagua. Mathalani habari ni kahawa ya Kilimanjaro: miche, wadudu, kuchuma, bei, chama cha wakulima cha mwaka 1925, ushirika wa K.N.C.U. wa 1933. Kisha uyapange: ya shamba pamoja, ya biashara pamoja, na 1925 itangulie 1933. Neno lisilo na jamaa ulifute, hata likiwa tamu (hapo wengi huona uchungu, nasi tumo). Mafungu matatu au manne yatosha.

Yule mzee alipoandika mara ya pili alianza na mpaka: mkuyu upande wa mashariki, kijito upande wa kusini, na majina ya mashahidi wawili.