Hati ya Jeshi na Leseni ya Raia: Somo kwa Wenye Magari katika Skimu

Somo letu la mwezi huu si la mbolea wala la dawa ya kupe. Ni somo la dereva, kwa maana mazao mazuri yasiyofika sokoni ni hasara tu.

Siku moja mwenyekiti wa chama cha maziwa kutoka Kinangop alikuja ofisini kwetu pamoja na mzee mmoja aliyestaafu jeshini akiwa koplo. Chama kilikuwa kimenunua lori la kupeleka maziwa Nairobi, nalo lilikuwa limesimama uani bila dereva. Mzee alifungua bahasha akatoa hati yake ya udereva ya jeshi, imekunjwa vizuri, ina mihuri yote.

"Bwana Karani," akasema mwenyekiti, "dereva tumempata. Twataka aanze Jumatatu. Tuandikie barua tu."

Niliisoma hati ile mara mbili. Ilikuwa ya kweli, nayo ilionyesha ya kuwa mzee ameendesha malori mazito kwa miaka mingi. Hata hivyo niliwaambia wasimpe ufunguo bado. Mzee hakufurahi. Aliniuliza, "Mwanangu, nimepita matope na mchanga na lori lililojaa askari, wala sikuangusha hata mmoja. Ni nani tena wa kunipima?"

Swali hilo ni la haki, nalo lastahili kujibiwa kwa utaratibu.

1. HATI YA JESHI NI KITU GANI?

Hati ya jeshi hutolewa kwa kazi ya jeshi, kwa magari ya jeshi, chini ya amri ya jeshi. Askari akiiacha kazi ile, ujuzi wake hubaki naye, lakini amri iliyomruhusu kuendesha hubaki kambini.

Mfugaji ataelewa jambo hili upesi. Ng'ombe wako aweza kuwa mzima kabisa, nawe wajua hivyo kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini ukitaka kumpeleka kaunti nyingine, huna budi kupata kibali cha daktari wa mifugo wa serikali. Kibali hakimpi ng'ombe afya, bali chamwambia kila mtu njiani ya kuwa mwenye mamlaka amemtazama. Ndivyo ilivyo na udereva. Hati ya jeshi ni shahidi wa ujuzi. Leseni ni ruhusa. Shahidi na ruhusa ni vitu viwili.

2. JAMBO HILI SI GENI

Mtu akisimama katikati ya Nairobi, kwenye Kenyatta Avenue, ataona sanamu za askari zilizowekwa mwaka wa 1928. Ni ukumbusho wa Waafrika waliotumika katika Vita Vikuu vya Kwanza, na mmoja kati ya wale watatu ni mpagazi. Katika vita vile mizigo mingi ya jeshi ilichukuliwa kichwani na mabegani, na wapagazi wengi sana walikufa. Jina la Kariokor mjini Nairobi lilitokana na kikosi chao.

Katika Vita Vikuu vya Pili mambo yalikuwa yamebadilika. Vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika walifundishwa kuendesha malori katika kikosi cha uchukuzi cha jeshi la Afrika Mashariki. Walipeleka chakula na risasi Uhabeshi mwaka wa 1941, na baadaye Burma mwaka wa 1944 na 1945. Waliporudi nyumbani, wengi walitaka kuishi kwa kazi ile waliyojifunza, na wengine waliweka pamoja akiba zao wakanunua malori na mabasi. Basi tangu siku zile swali la mzee wetu limekuwa likiulizwa: mtu aliyefundishwa na jeshi aingieje katika barabara ya raia?

3. SHERIA YASEMAJE?

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1954, nayo imerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Katika kifungu cha 30 yako mambo mawili ambayo kila chama cha ushirika chapasa kuyajua.

La kwanza: mtu haruhusiwi kuendesha gari barabarani ila awe na leseni halali, au leseni ya muda ya mwanafunzi, iliyoandikwa aina ya gari lile analoliendesha.

La pili: mwenye gari, au mtu aliyekabidhiwa gari, haruhusiwi kumwachia mtu asiye na leseni aliendeshe.

Tazameni vizuri hilo la pili. Kama mwenyekiti angalimpa mzee ufunguo siku ile ya Jumatatu, wangalikuwa na kosa wote wawili, yule aliyeshika usukani na yule aliyempa. Tena kuna jambo la bima. Hati za bima kwa kawaida hutaka dereva awe na leseni ya aina ya gari analoliendesha. Ajali ikitokea na dereva hana leseni, chama chaweza kujikuta kinalipa kwa fedha za wanachama, na huenda lori lenyewe likauzwa ili deni lilipwe. Maziwa ya watu mia mbili yaweza kupotea kwa ajili ya karatasi moja.

4. NCHI NYINGINE HUFANYAJE?

Uingereza, dereva wa jeshi hupewa kibali kiitwacho FMT 600. Kwa kawaida kibali hicho hakisimami peke yake. Dereva huwa pia na leseni kama ya raia wengine. Kwa hiyo atokapo jeshini leseni yake tayari iko mfukoni.

Marekani wana njia nyingine kwa leseni za malori makubwa. Jimbo laweza kumsamehe askari mtihani wa kuendesha, ikiwa ameendesha gari zito la aina ile jeshini kwa miaka 2 iliyotangulia, ana rekodi safi, na amefika kuomba kabla ya mwaka 1 kupita tangu aache kazi hiyo. Tangu mwaka wa 2018 majimbo yameruhusiwa kusamehe pia mtihani wa maswali. Lakini hata huko, askari hawaonyeshi polisi hati ya jeshi wakapita. Hupeleka hati yao kwenye ofisi ya leseni, nayo ofisi huamua, kisha hutoa leseni. Kinachosamehewa ni mtihani, leseni haisamehewi.

5. HATUA ZA KUFUATA HAPA KENYA

Leseni za udereva sasa ziko chini ya Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani, ijulikanayo kwa herufi NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2012. Mtu atokaye jeshini na afuate hatua hizi:

(a) Kabla ya kuondoka kambini, aombe barua ionyeshayo aina za magari aliyoendesha, uzito wake, na miaka ya kazi. Ni rahisi kuipata angali kazini kuliko baadaye. Atoe nakala, na hati yenyewe aiweke mahali pasipo na panya wala mvua.

(b) Apeleke hati hizo kwa NTSA aulize kesi yake yeye mwenyewe. Asikubali kujibiwa na jirani, wala na dereva wa matatu, wala na karani wa kilimo kama mimi. Uamuzi ni wa ofisi ya leseni.

(c) Ajiandikishe katika mtandao wa serikali uitwao eCitizen, akiwa na kitambulisho chake. Asiyejua kutumia mtandao aweza kwenda Huduma Centre. Mjini Nairobi iko moja katika jengo la Posta Kuu, Kenyatta Avenue, si mbali na zile sanamu za askari tulizozitaja.

(d) Akiwa hana leseni ya raia, njia ya kawaida ni kuomba leseni ya muda ya mwanafunzi, kujiandikisha katika shule ya udereva iliyokubaliwa na NTSA, na kufanya mtihani. Mwenye ujuzi hatatoka jasho sana, lakini asione haya kukaa darasani na vijana.

(e) Akifaulu, aombe leseni ya kadi, iliyoanza kutolewa mwaka wa 2017, apigwe picha na kuchukuliwa alama za vidole.

(f) Atazame herufi zilizo katika leseni yake. Wazee watakumbuka zile BCE za zamani. Herufi za sasa hazina maana ile ile. Siku hizi A ni pikipiki, B ni magari mepesi, C ni malori, D ni magari ya abiria, na G ni mitambo ya ujenzi na trekta za shamba. Mwenye B peke yake asiendeshe lori la chama. Na mwenye pikapu asichukue watu wa sokoni kwa malipo, kwa kuwa hiyo ni kazi ya magari ya abiria.

Onyo moja. Mtu akikuambia atakuletea leseni bila wewe kufika ofisini wala kutazamwa na mtahini, mkimbie kama umwonavyo mtu auzaye mbegu zilizopakwa rangi. Utalipa fedha, na siku ya hatari utakuwa mikono mitupu.

6. BARABARA YA RAIA NI SHULE NYINGINE

Hebu tufuate lori la maziwa kutoka Kinangop. Likishuka upande wa Limuru lapita Uthiru na Kangemi, lashika Waiyaki Way hadi Westlands, kisha laingia mjini kwa Uhuru Highway. Safari hiyo ina mambo ambayo msafara wa jeshi hauyafundishi.

Huko Kangemi watu huvuka kwa wingi asubuhi, na matatu husimama ghafula kuchukua abiria. Pikipiki hupita kulia na kushoto. Katika maeneo ya mji sheria yataka mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, na lori la biashara lisizidi kilomita 80 hata mahali barabara ilipo nyeupe. Kwenye mizunguko ya Uhuru Highway, gari liingialo hulingoja lile lililokwisha kuingia, litokalo upande wa kulia. Na askari wa barabarani akisimama pale, mkono wake ndio sheria.

Lori la maziwa nalo lina tabia yake. Maziwa katika tangi lisilojaa huyumba. Ukipiga breki kwa nguvu huendelea kusukuma mbele, na ukikata kona upesi huvuta upande. Dereva aliyezoea kuchukua watu na masanduku ataona tofauti siku ya kwanza.

7. MWISHO WA HABARI YA MZEE

Mzee alikubali, ingawa kwa shingo upande. Alikwenda kukaa kwa mwanawe Kangemi, akajiandikisha shuleni. Katika muda huo chama kiliajiri dereva mwingine mwenye leseni, na wanachama kadhaa walinung'unika kwa sababu ya mshahara wake. Walisema karani wa kilimo amewatia gharama bure.

Juma la pili lori lilisimamishwa na polisi karibu na Uthiru. Dereva aliulizwa leseni, akaitoa, wakatazama herufi zake, wakamwachilia. Maziwa yalifika yangali mazuri. Jioni ile mwenyekiti alinipigia simu. Hakusema mengi, alisema tu, "Bwana Karani, leo nimeelewa."

Mzee naye alifaulu, akapata leseni yake ya malori, na sasa ndiye dereva wa chama. Nilimwuliza mtihani ulikuwaje. Alicheka akasema, "Kuendesha nilijua. Nilichojifunza ni kungoja. Jeshini msafara wetu ulipishwa na kila mtu. Huku mimi ndimi wa kupisha."

Hati yake ya jeshi bado anayo, katika bahasha ile ile. Hakuitupa, wala haifai kutupwa. Ni heshima ya kazi aliyoifanya. Lakini leseni ndiyo akaayo nayo katika lori.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA MKUTANO WA CHAMA

1. Ni tofauti gani iliyopo kati ya hati ionyeshayo ujuzi na leseni itoayo ruhusa? Tumieni mfano wa ng'ombe.
2. Chama kikimpa ufunguo mtu asiye na leseni, ni nani aliye na kosa?
3. Kila mwenye gari au trekta na alete leseni ya dereva wake mkutanoni. Je, herufi zake zalingana na gari analoliendesha? Je, muda wake haujaisha?
4. Ni nani katika skimu yenu aliyestaafu jeshini akiwa dereva? Amekwisha kupata leseni ya raia? Kama bado, chama chaweza kumsaidiaje?