Mtumbwi au kayaki? Kwanza jua chombo kitalala wapi

Anayetaka kuvua peke yake katika Mto Ruvu, upande wa Mlandizi au kule Ruvu Darajani, kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei. Mimi humwomba aanze na swali jingine: usiku chombo kitalala wapi?

Kama unaishi kijijini kando ya mto, kitalala ukingoni chini ya mti, na jirani atakitupia jicho. Hapo mtumbwi wa gogo unafaa: ni mzito, lakini safari yake ya nchi kavu ni hatua chache tu. Kama unaishi Maili Moja au Kisarawe mjini na unavua Jumamosi pekee, mtumbwi ulioachwa juani wiki nzima utapasuka. Kayaki ya plastiki ya mtu mmoja, yenye kilo 20 hadi 40 hivi, utaifunga juu ya gari na kurudi nayo nyumbani.

Mikono na mshipi

Kafi la mtumbwi lina bapa moja. Mvuvi aliyelizoea hulibana kwapani, akaelekeza chombo kwa mkono mmoja huku mwingine ukisikiliza mshipi. Maji yakiwa mafupi, husukuma kwa pondo. Kafi la kayaki lina mabapa mawili na linataka mikono yote miwili. Linakwenda kasi zaidi, lakini kambare akivuta ni lazima uliweke chini. Basi lifunge kwa kamba fupi lisichukuliwe na maji.

Ukitia nanga kwenye kayaki, ifunge omo au tezi, kamwe usiifunge ubavuni. Mkondo ukikikuta chombo kimekaa kingamo, hukibinua. Tumia fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, na uwe na kisu karibu.

Kukagua kabla ya kulipa

Mtumbwi: pita na ngumi yako toka omo hadi tezi ukigonga, palipooza hutoa mlio tofauti. Tazama ncha zote mbili, maana ufa huanzia huko. Kiraka cha bati au lami si aibu, ila uliza kinaziba nini. Kisha uuweke majini bila kitu ndani. Ukilala upande mmoja, fundi alichonga ubavu mmoja mnene kuliko mwingine, na utahangaika nao kila siku.

Kayaki: fungua kizibo uone kama kuna maji tumboni. Pitisha kiganja chini yake, hasa pale inapoburuzwa, kutafuta palipochakaa. Plastiki iliyopauka na kuwa ngumu imeliwa na jua. Kwa mto wetu chagua ile ya kukalia juu, yenye matundu ya kutolea maji, kwa sababu ikipinduka unaweza kuirudisha na kuipanda tena. Mtumbwi wa mbao ukijaa maji bado huelea, lakini kuufua katikati ya mto ni kazi kubwa. Usiondoke bila kopo la kufulia maji.

Kipimo cha shibiri

Kiingie chombo pale maji yanapofika magotini, ukiwa na ndoo, chambo na nanga. Katika mtumbwi, toka usawa wa maji hadi ukingo wake ibaki shibiri moja au zaidi. Pungufu ya hapo, wimbi dogo litaingia. Halafu jipinde kulia na kushoto kama anayeopoa samaki. Ukiogopa hapo, katikati ya mto utaogopa zaidi.

Mto wenyewe

Ruvu inatoka Milima ya Uluguru. Mvua ikinyesha huko, maji hupanda huku Kibaha jua likiwaka. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, huja yakiwa mekundu na magogo ndani yake. Mtu aliye peke yake asubiri yatulie.

Mamba na viboko wamo. Vua jua likiwa limepanda na utoke kabla ya magharibi, saa ambayo viboko hupanda nchi kavu kula majani. Waongozaji wa mitumbwi katika Mto Zambezi hugonga ubavu wa chombo ili viboko waibuke, wajulikane walipo. Nawe fanya hivyo. Usikae kati ya kiboko na maji ya kina, maana akishtuka ndiko anakokimbilia. Katika kayaki umekaa chini karibu na maji, kwa hiyo usining'inize miguu nje wala kufunga samaki kwa kamba majini.

Vaa boya kifuani, mwambie mtu wa nyumbani saa ya kurudi, na upite kwa ofisa uvuvi wa halmashauri kwa ajili ya leseni.

Ukishayafanya hayo, bei haitakusumbua sana. Chombo chenye mahali pa kulala hutunzwa, na chombo kilichotunzwa humrudisha mwenyewe nyumbani.