Kuifuta Kompyuta na Kuiwekea Mfumo Upya

Wasomaji wenzangu, wengi wenu mwaikumbuka kompyuta ya maktaba yetu jinsi ilivyokuwa. Ukiiwasha asubuhi, uliweza kwenda kunawa uso ukarudi, nayo haijawa tayari. Dawa ya ugonjwa huo, dawa nyingine zikishindwa, ni kufuta vyote vilivyomo katika diski na kuweka mfumo endeshi upya. Mfumo endeshi ni programu kubwa inayoiamsha kompyuta na kuzitawala programu nyingine zote. Kwetu sisi ni Windows. Kazi yenyewe yaweza kwisha kwa saa moja au mbili. Matayarisho ndiyo yatakayo siku nzima, nami niliyajua hayo kwa kuchelewa.

Mwaka 2024 Bruda wa maktaba aliniagiza niifute kompyuta ile. Ndani yake mlikuwa na hadithi 31, ambazo wanafunzi walizikusanya kwa wazee wa vijijini mwao wakati wa likizo. Nikachukua flashi, nikanakili kila alama niliyoiona juu ya skrini, kisha nikafuta. Jioni nilipoifungua flashi, hakuna hata hadithi moja iliyofunguka. Alama zile zilikuwa njia za mkato tu, yaani vibao vya kuonyesha faili liliko, wala si faili lenyewe. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa kilobaiti moja au mbili, nami sikutazama. Tukapekua makabati, tukapata karatasi za hadithi 19. Zile 12 zimepotea, na wazee wawili waliozisimulia walikuwa wamekwisha fariki. Bruda hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, waandikie wenzako." Ndiyo maana ya makala haya.

Basi usianzie kwenye skrini. Fungua diski C, kisha folda iitwayo Users, na humo utaona folda yenye jina la kila mtu aliyeitumia kompyuta. Nakili folda hizo nzima, si yako peke yake. Tazama pia kama kuna diski D, maana wengine huficha kazi zao huko. Ukiisha nakili, linganisha hesabu ya faili na uzito wake pande zote mbili. Halafu chomeka nakala yako katika kompyuta nyingine, ufungue faili tano sita huku na huku, uzisome. Kabla ya kufanya hivyo usiseme kuwa una nakala. Tena fanya nakala mbili, kwa kuwa flashi nazo hufa.

Andika katika daftari majina ya programu utakazozihitaji, na maneno ya siri ambayo kompyuta ilikuwa ikikukumbukia. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, tafuta ufunguo wake wa tarakimu 48 uuandike, maana kompyuta yaweza kuudai kabla hujamaliza kazi. Pakua pia draiva ya kadi ya Wi-Fi. Mwenzangu mmoja aliisahau, na Windows 11 ikamdai intaneti ambayo hakuwa na njia ya kuipata.

Sasa flashi ya kuwekea mfumo. Iwe ya gigabaiti 8 au zaidi, wala isiwe ile yenye nakala zako, maana vyote vilivyomo vitafutwa. Chukua programu ya kuitengenezea kwa Microsoft wenyewe, si kwa muuzaji wa barabarani. Sisi tuliweka Windows 10, lakini Microsoft waliacha kuitunza kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 hutaka kumbukumbu ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64 na chombo kiitwacho TPM 2.0. Mashine isiyo navyo yaweza kuwekewa Linux, nayo ni ya bure.

Siku ya kazi, chomoa diski zote za nje, ibaki flashi ya mfumo tu, ili usije ukafuta nakala zako mwenyewe. Laptopu iwe katika umeme na betri yake imejaa. Washa huku ukibonyeza F12 kama ni Dell, au F9 kama ni HP, uchague flashi. Ukiulizwa namba ya leseni, jibu kwamba huna. Mashine ambayo Windows yake ilikwisha thibitishwa kwa intaneti hukumbukwa, mradi uchague aina ile ile iliyokuwamo, Home au Pro.

Kisha utaonyeshwa orodha ya sehemu za diski. Hapa simama kidogo. Tazama uzito wa diski, uhakikishe kuwa ndiyo yenyewe, maana ukiisha futa hakuna kurudi. Futa sehemu zake zote hata ibaki nafasi moja tupu, uichague hiyo, uendelee. Kompyuta itajizima na kujiwasha mara kadhaa. Ikirudi tena mwanzo kabisa, chomoa flashi.

Baada ya hayo pokea masahihisho ya Windows, weka draiva, pima virusi katika nakala zako, ndipo uzirudishe.

Hadithi 19 ziko kwa Bruda, na nakala ya pili ninayo mimi. Kama ndugu yako alikuwa miongoni mwa waliozikusanya, na nyumbani kwenu lipo daftari lake la siku zile, tafadhali niletee mwanzo wa muhula ujao.