Nani Abadili Kanuni za Chama?

Somo la kujifunza pamoja katika vikundi. Kwanza someni Matendo ya Mitume 15:1–31.

Katika vikundi vyetu siku hizi panasikika neno moja, kwamba kanuni zetu zimezeeka na yafaa zibadilishwe. Huenda ni kweli. Mimi nimefundisha chuo cha ualimu miaka mingi, na nimeshika kalamu ya uandishi katika vyama viwili vitatu. Nimeona kwamba kujua kanuni ipi ibadilike si kazi ngumu sana. Kazi ni kujua nani aibadili, na kwa njia gani.

Tutazame chama ambacho nyumba nyingi za parokia hii zinakijua. Umoja wa Akina Mama ulianzishwa mwaka 1876 na Mary Sumner, mke wa padre wa Old Alresford, kusini mwa Uingereza. Yasimuliwa kwamba siku ya mkutano wa kwanza aliingiwa na haya hata akashindwa kusema, akawaomba akina mama warudi tena juma lililofuata. (Waalimu wapya wajipe moyo!) Kazi ilianza kwa mambo machache tu, sala na kadi yenye ahadi. Chama kilipoenea, mwaka 1896 likaundwa Baraza Kuu naye akawa Rais wake, na mwaka 1926 kikapewa Hati ya Mfalme. Hati ile ilikuwa heshima kubwa, lakini pia ilikuwa kamba. Chama chenye hati ya namna hiyo hakiwezi kubadili yaliyoandikwa ndani yake kwa kura ya wanachama peke yake. Sharti kibali cha Mfalme kipatikane kupitia Baraza lake.

Basi ilikuwako kanuni kwamba mwanamke aliyetalikiwa hawezi kuwa mwanachama. Nia yake haikuwa mbaya, kwa kuwa chama kilisimama kuitetea ndoa. Lakini mfikirini mama aliyeachwa na mumewe, asiyetaka talaka ile, amebaki na watoto wanne na karo ya shule. Huyo ndiye aliyehitaji wenzake kuliko wote, na mlango ulifungwa mbele yake. Wanachama wa New Zealand walitaka kuwapokea akina mama kama hao, wakakataliwa. Mwaka 1969 wakajitenga, wakaunda chama chao cha wanawake wa Kianglikana.

Ndipo ikawekwa tume chini ya Askofu wa Willesden, ambayo ilitoa taarifa yake mwaka 1972, na mwaka 1974 chama kikawa na katiba mpya iliyoondoa kizuizi kile. Angalieni vema kilichobadilika na kilichobaki. Kuyashika mafundisho ya Kristo juu ya ndoa kulibaki kuwa lengo la kwanza. Kilichoondolewa ni kufuli ya mlangoni. Leo wanachama ni zaidi ya milioni 4, na sehemu kubwa yao wako Afrika. Kwa maoni yangu walichelewa mno, na waliokwisha kuondoka hawakungojea. Lakini walipobadili, walibadili mbele ya macho ya watu.

Sasa rudini kwenye Matendo 15. Pale nako shauri lilikuwa juu ya mlango: je, watu wa Mataifa waingie bila kutahiriwa? Neno halikukatwa chumbani na watu wachache. Palikuwa na hoja nyingi kwanza. Petro akasema, Barnaba na Paulo wakasikilizwa, Yakobo akatoa shauri lake. Kisha, na jambo hili tunalipita upesi tukisoma, waliandika barua. Tena hawakuiamini karatasi peke yake; waliwatuma Yuda aitwaye Barsaba na Sila waeleze kwa vinywa vyao. Kule Antiokia barua ilisomwa mbele ya kusanyiko zima, wakafurahi. Mtu aliyekaa mbali na Yerusalemu alijua kanuni mpya ni ipi na imetoka kwa nani.

Mimi sikufanya hivyo, nami nakiri hapa. Nilikuwa mwandishi wa chama kimoja cha kuzikana. Kanuni ilisema mwanachama asiyelipa ada miezi sita hapati msaada. Siku moja ya masika tulifika watu 11 kati ya 40 na zaidi. Mmoja akatoa hoja kwamba miezi sita iwe miwili, kwa sababu sanduku lilikuwa tupu. Tukainua mikono, nami nikaandika. Hakuna aliyewapelekea habari waliozuiwa na mvua. Majuma matatu baadaye mjane mmoja alifiwa na kijana wake. Alikuwa na deni la miezi mitatu, akingoja kuuza mpunga, naye akiamini bado yu salama. Tulimfungulia kitabu, na mwandiko ulikuwa wangu. Fedha za jeneza aliazima kwa jirani, na chamani hakurudi tena. Wala hatukuvunja kanuni hata moja! Katiba yetu haikutaja idadi ya watu wanaotosha kukata shauri, wala siku za kutoa taarifa.

Kwa hiyo, akina mama na akina baba mnaotaka kubadili kanuni mwaka huu, kabla ya kuligusa jambo lenyewe tazameni kama katiba yenu inataja mambo haya. Hoja iandikwe na kusomwa katika kila mtaa Jumapili kadhaa kabla ya mkutano. Idadi ya waliohudhuria ihesabiwe na kuandikwa. Kanuni mpya iwe na siku ya kuanza, isimshike mtu kwa deni la nyuma. Theluthi mbili za kura ni kipimo kizuri, ingawa mimi sigombani na anayetaka zaidi.

Mkikutana Alhamisi zungumzeni haya. Katika kikundi chenu, ni nani aliye nje kwa sababu ya kanuni, naye angetaka kuingia? Kanuni hiyo inalinda nini hasa? Na nakala ya katiba yenu iko kwa nani, mara ya mwisho ilisomwa lini mbele ya wote?