Wimbo Ndani ya Video ya Arusi: Dai la Hakimiliki Si Wito wa Polisi

Kila mwisho wa mwaka, arusi, ubatizo na mahafali hufuatana katika miji yetu ya mpakani, na hakuna sherehe isiyorekodiwa kwa simu. Jamaa hupakia video YouTube au Facebook ili shangazi aliyeko Nairobi na kaka aliyeko Oman nao waone. Baada ya dakika chache huingia ujumbe, aghalabu kwa Kiingereza, ukisema kwamba ndani ya video mna kazi inayomilikiwa na mtu mwingine. Bibi arusi aliingia ukumbini huku wimbo ukipigwa, na wimbo huo una mwenyewe. Wanaotuletea ujumbe wa namna hiyo kituoni huwa na swali moja: “Afande, nitafungwa?”

Ujumbe huo si wito wa polisi, wala si hati ya mahakama. Ni taarifa ya kampuni inayoendesha mtandao, na mara nyingi hakuna binadamu aliyeiandika. Tunaona ni vyema tueleze jinsi jambo hili linavyokwenda, kwa kuwa hofu ya asiyelifahamu imekuwa mtaji wa matapeli.

YouTube ilianzisha mtambo wake wa kutambua kazi za watu, uitwao Content ID, mwaka 2007. Wenye haki huukabidhi nakala ya wimbo, nao huutengenezea alama ya utambulisho, kama sisi polisi tunavyohifadhi alama za vidole. Kila video inayopakiwa hulinganishwa na alama hizo. Mtambo haujui kwamba huyu ni bibi arusi na yule ni mfanyabiashara anayetangaza magodoro. Hausikii ila sauti. Sauti ikilingana, hutekelezwa uamuzi ambao mwenye haki alikwisha kuuchagua mapema: video izuiwe, au iendelee kuonekana huku mapato ya matangazo yakienda kwake, au ahesabiwe tu watazamaji. Tena uamuzi huo huweza kutofautiana nchi kwa nchi. Ndiyo maana aliyeko upande wa Uganda wa mji wa Busia huweza kuitazama video barabara, na binamu yake aliyeko upande wa Kenya, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, akaambiwa haipatikani nchini mwake. Wengi hudhani serikali mojawapo imeifunga. Sivyo, haki za wimbo huuzwa kwa mipaka ya nchi, na mtambo huifuata mipaka hiyo.

Ni muhimu kutofautisha dai na onyo. Dai la mtambo huihusu video ile tu, na kwa kawaida haliidhuru akaunti yako. Onyo ni jambo zito zaidi: hutolewa pale mwenye haki anapowasilisha ombi rasmi la kisheria kwamba video iondolewe. Kwa utaratibu wa YouTube, onyo hudumu siku 90, na maonyo matatu ndani ya muda huo huweza kuifunga chaneli nzima. Hivyo kabla ya kuingiwa na hofu, tafuta kijana anayekijua Kiingereza akusomee ujumbe vizuri, nawe ujue ni kipi kati ya hivyo viwili.

Kama ni dai, waweza kuliacha lilivyo iwapo video ni ya kumbukumbu na bado inaonekana. Waweza pia kukata kipande chenye wimbo, kuunyamazisha, au kuweka muziki mwingine. Zana za kazi hiyo zimo ndani ya YouTube yenyewe, na hazilipiwi. Njia nyingine ni kuweka pingamizi, ukiwa na sababu ya kweli. Mdai hupewa siku 30 za kujibu. Akilikataa pingamizi lako waweza kukata rufaa, naye hupewa siku 7. Lakini tahadhari: ukipinga bila msingi, mdai aweza kuomba video iondolewe rasmi, na dai likawa onyo. “Niliununua wimbo huu” si sababu. Ulichonunua ni nakala ya kusikiliza, si haki ya kuusambaza.

Zipo imani nyingine zinazowaponza watu. Wapo wanaoandika chini ya video kwamba hawamiliki haki za wimbo, wakidhani wamejikinga. Kwa maoni yetu, huko ni kukiri na si kujitetea. Wapo wanaoamini kwamba sekunde kumi hazina kosa. Sheria zetu hazikuweka kipimo hicho. Na wapo wanaosema wimbo wa dini ni wa Mungu, hauna mmiliki. Mtunzi wa wimbo wa injili ni mtunzi kama wengine. Hata kwaya ikiuimba kwa sauti zake yenyewe, utunzi unabaki kuwa wa mtunzi, kwa maana wimbo mmoja huwa na haki mbili: ya utunzi na ya ile sauti iliyorekodiwa. Ngoma za jadi za wazee wetu ni habari tofauti kidogo. Wimbo wenyewe huenda hauna mtunzi anayejulikana, ila msanii aliyeurekodi studio ana haki juu ya rekodi yake. Ukirekodi wazee wenyewe wakipiga ngoma uani, kisha mtambo ukakudai, hapo una sababu njema ya kupinga.

Hatusemi kwamba sheria haina meno. Uganda ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006, Kenya ya 2001 na Tanzania ya 1999, na zote tatu zina adhabu za faini na kifungo. Nchi hizi ni wanachama wa Shirika la Biashara Duniani tangu mwaka 1995, na mkataba wake kuhusu haki za ubunifu unazitaka zilinde pia kazi za wasanii wa nchi nyingine wanachama. Anayejaza nyimbo za watu kwenye kadi za simu na kuziuza sokoni hawezi kujitetea kwamba mwimbaji ni wa ng’ambo ya mpaka. Hata hivyo, mashtaka yana njia yake: mlalamikaji hufika kituoni, maelezo yake huandikwa, upelelezi hufanyika, na mahakama ndiyo huamua. Mtambo wa mtandao haumo katika njia hiyo.

Hata wenye haki nao wana wajibu. Mwezi Februari 2007, mama mmoja wa Pennsylvania, Marekani, alipakia video ya sekunde 29 ya mtoto wake mdogo akicheza jikoni, na nyuma yake ukisikika wimbo wa Prince. Kampuni ya muziki ya Universal iliomba video iondolewe, nayo ikaondolewa. Mama yule alipinga, video ikarudishwa, kisha akaishtaki kampuni. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ilisema kwamba kabla ya kuomba video iondolewe, mwenye haki sharti kwanza afikirie iwapo matumizi yale ni ya haki yanayoruhusiwa na sheria. Kesi ilimalizika kwa maelewano mwaka 2018, miaka 11 baada ya yule mtoto kucheza. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, lakini sheria ya Uganda nayo inatambua matumizi ya haki, na inatazama kusudi la matumizi, kiasi kilichotumika na hasara inayompata mwenye kazi.

Pia si kila mdai ni mwenye mali. Mwaka 2021 watu wawili walishtakiwa katika jimbo la Arizona, Marekani, kwa kujifanya wamiliki wa nyimbo zaidi ya 50,000 zisizokuwa zao na kuvuna kupitia YouTube zaidi ya dola milioni 20. Wote wawili walikiri makosa na wakafungwa. Wasanii wa hapa kwetu wajue, basi, kwamba wizi huo huwagusa wao kabla ya kumgusa mwenye arusi.

Sasa tufike kwa tapeli wa simu. Tuseme umeiweka video hadharani, na nambari yako ipo kwenye ukurasa wako. Anapiga simu mtu mwenye sauti ya mamlaka, anajiita afisa wa hakimiliki au mpelelezi, anautaja wimbo, anayataja hata majina ya maarusi. Anasema jalada limekwisha kufunguliwa, lakini ukituma laki tatu kabla ya jioni ataliondoa. Kila alichokitaja amekiona katika video yako. Mwingine hutuma kiungo na kukutaka uandike nywila yako ili “dai lifutwe”. Ukiandika, akaunti imekwenda, na kesho yake ndugu zako wataombwa fedha kwa jina lako.

Polisi hatupokei faini kwa simu. Faini huamuliwa na mahakama na kulipwa kwa stakabadhi ya serikali. Bondi ya polisi ni bure. YouTube nayo hailipwi kitu ili kufuta dai. Ukipigiwa simu ya namna hiyo, muulize mpigaji jina, cheo na kituo chake, kisha ukate na uende mwenyewe kituoni ukaulize. Si lazima uende peke yako, mwenyekiti wa kijiji aweza kukusindikiza. Usifute ujumbe wowote. Kama umekwisha kutuma fedha, ijulishe kampuni ya simu mara moja, kisha utuletee nambari ya muamala, nambari iliyokupigia na saa ya tukio. Usikae kimya kwa kuwa nambari ni ya nchi jirani. Lalamiko hupokelewa katika kituo kilicho karibu nawe, nasi ndio tutakaowasiliana na wenzetu wa upande wa pili. Majeshi ya polisi ya Afrika Mashariki yana umoja wao wa ushirikiano, EAPCCO, tangu mwaka 1998.

Kwa wale ambao sherehe zao zingali mbele, YouTube ina maktaba ya muziki wa kutumia bila malipo, ingawa tunakiri kwamba si muziki wa kumwinua bibi kitini. Njia iliyo bora ni kumwendea msanii wa mji wenu na kumwomba ruhusa kabla ya siku yenyewe. Iandikwe: jina lake, jina la wimbo, kwamba utatumika katika video ya familia mtandaoni, tarehe, na sahihi za wote wawili. Ikiwa wimbo aliutungiwa na mwenziwe, mtunzi naye aweke sahihi. Karatasi hiyo ipigwe picha na kuhifadhiwa katika simu, kwa maana dai likija ndiyo itakayokuwa msingi wa pingamizi lako.