Cherehani ya Mama Ni ya Nani?



Hapa kwetu Kaloleni, Jericho na Mbotela, wengi wetu ni wapangaji. Mzazi akifariki, mara nyingi hana ploti mjini ya kuwaachia watoto. Kinachobaki ni cherehani, saa ya ukutani, kigoda cha babu kilichotoka mashambani, na albamu ya picha. Ukivipeleka Gikomba hupati pesa ya maana. Lakini ndugu waliozika pamoja vizuri huacha kusalimiana kwa ajili ya vitu hivyo. Kwa nini?

Ni kwa sababu kitu kina thamani mbili: bei na kumbukumbu. Tuseme mama alishona sare za shule za majirani, akalipa karo ya watoto watatu kwa cherehani moja. Kifungua mimba anaitaka kwa kuwa ndiye mkubwa. Binti anaitaka kwa kuwa alikuwa akikaa pale chini akiokota vifungo. Kitinda mimba anaitaka kwa kuwa ndiye aliyemuuguza mama. Si lazima wawe na tamaa. Kila mmoja anamtaka mama.

Sheria yasemaje? Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ilianza kutumika mwaka 1981. Mume mwenye mke mmoja akifa bila wosia, vyombo vya nyumba na vitu vyake binafsi ni vya mjane. Mke akitangulia, ni vya mume. Kwa hiyo shemeji hana ruhusa ya kupakia kabati na redio kwenye lori siku ya mazishi. Wake wakiwa wengi, mali hugawiwa kila nyumba kwa kuhesabu watoto, na mke naye huhesabiwa. Wazazi wote wakiwa wamekwenda, watoto hugawana sawa, wa kike na wa kiume, hata binti aliyeolewa. Waislamu hufuata sheria ya dini yao.

Lakini sheria haiwezi kukata cherehani vipande vitatu. Katika Luka 12, mtu alimwomba Yesu amwambie ndugu yake wagawane urithi. Yesu hakukubali kuwa mgawanyaji, bali alionya juu ya choyo. Basi kazi ni yetu, tungali hai.

Tufanye hivi:

1. Mzazi aseme mapema, watoto wote wakiwepo, kipi ni cha nani na kwa sababu gani. Hiyo sababu ndiyo hupoza mioyo.

2. Aandike wosia na kutia sahihi mbele ya mashahidi wawili wasiopewa kitu ndani yake. Wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili hukubaliwa tu ikiwa msemaji atafariki ndani ya miezi 3.

3. Picha zitolewe nakala, kila mtoto apate zake.

4. Kisichogawanyika apewe atakayekitumia au kukitunza, na wenzake wapate kingine.

Maswali ya kujadili kikundini:

Nyumbani kwako ni kitu gani hakina bei lakini kinaweza kuleta ugomvi? Je, watoto wako wanajua historia yake? Utawaambia lini?