Kuunda Kwadi Ndogo ya Mashindano: Mwongozo kwa Karakana za Kibaha na Kisarawe

Kwadi ni pikipiki ya matairi manne: ina usukani wa mikono, kiti cha kukalia kwa kutagaa miguu, na matairi manene yenye upepo kidogo. Ile ya mashindano ya watoto na vijana huwa fupi kwenda juu na pana chini, bila taa wala keria. Inapoundwa kuanzia bomba la kwanza, kipimo cha kwanza ni mwili wa mtoto. Injini huja mwisho.

Vifaa vinavyopatikana

Biashara ya bodaboda na guta imerahisisha kazi. Cheni, sproketi, beringi, shokapu na breki za diski hupatikana kwenye maduka ya spea, kuanzia Maili Moja hadi Kisarawe mjini. Kibaha yenyewe si ngeni katika uundaji wa magari: ndiko liliko Shirika la Nyumbu, chini ya wizara ya ulinzi, lililobuni malori yenye jina hilohilo.

Vipimo

Mtoto hupimwa akiwa amekaa kwenye kiti cha mfano cha mbao. Akisimama juu ya vikanyagio, pabaki nafasi kati yake na kiti. Magoti yasiguse usukani ukikatwa hadi mwisho, na vidole vifikie mkono wa breki bila kiganja kuachia mpini.

Hatari kubwa ni kupinduka. Ikiwa upana kati ya matairi ni sentimita 80, na kitovu cha uzito wa chombo pamoja na mtoto kiko sentimita 40 kutoka ardhini, chombo hupinduka kikiinama takribani nyuzi 45. Kitovu kikipanda hadi sentimita 50, nyuzi hizo hushuka hadi 39. Kwa hiyo injini na kiti hushushwa kadiri ardhi inavyoruhusu. Kuunda chombo cha matairi matatu hakufai: Marekani, biashara ya vyombo vipya vya aina hiyo ilisitishwa mwaka 1988 kwa sababu ya ajali.

Fremu

Bomba la chuma lenye kipenyo cha milimita 25 na unene wa milimita 2 linatosha kwa chombo kidogo. Bomba jembamba la fanicha hupasuka kwenye maungio. Bomba la maji lililopakwa zinki lisichomelewe hivihivi, kwa kuwa moshi wa zinki huleta homa na kubana kifua. Zinki hukwanguliwa kwanza, na kazi hufanyika mahali penye hewa.

Ncha ya bomba hukatwa kwa umbo la mdomo wa samaki ili ikumbatie bomba jingine. Maungio yote hushikizwa kwanza kwa vidoti, kisha hupimwa kutoka pembe hadi pembe. Vipimo viwili vya mshazari vikilingana, fremu imenyooka. Hapo ndipo huchomelewa kikamilifu, upande huu kidogo na ule kidogo, ili moto usiipinde.

Usukani na ekseli

Mikono ya usukani kwenye magurudumu ya mbele huelekezwa hivi kwamba mistari yake ikirefushwa inakutana katikati ya ekseli ya nyuma. Bila hivyo tairi moja huburuzwa kwenye kona. Tairodi ziwe na boljointi zenye nati za kujifunga.

Ekseli ya nyuma ni moja isiyo na difu, hivyo magurudumu yote mawili huzunguka sawasawa. Ndiyo maana mwendeshaji hufundishwa kuweka uzito kwenye kikanyagio cha nje huku akiegemeza kiwiliwili ndani ya kona, ili gurudumu la ndani lipate wepesi wa kuteleza.

Injini na mwendo

Injini ya bodaboda ya cc 150 ni rahisi kuipata, lakini ina nguvu kupita kiasi kwa mtoto. Kiwango cha Marekani cha ANSI/SVIA hupangia kwadi za watoto wa miaka 6 na kuendelea mwendo usiozidi kilomita 24 kwa saa, na za miaka 10 na kuendelea kilomita 48, tena zikiwa na kizuizi cha kupunguza zaidi wakati wa kujifunza.

Mwendo hukokotolewa kabla ya kununua sproketi. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika na gia zote pamoja zikipunguza mara 24, gurudumu huzunguka mara 250. Tairi la kipenyo cha inchi 16 husogea takribani mita 1.28 kwa mzunguko, yaani kilomita 19 kwa saa.

Usalama na majaribio

Kamba ya kuzimia injini hufungwa kwenye kifundo cha mkono. Mtoto akianguka, injini inazimika. Cheni na sproketi hufunikwa. Mchanga wa Kibaha huziba kichujio cha hewa, hivyo kisafishwe kila baada ya mazoezi. Udongo wa mfinyanzi wa vilima vya Kisarawe huteleza wakati wa masika, hivyo breki zijaribiwe kwanza na mtu mzima akisukuma chombo kikiwa kimezimwa.

Chombo hiki ni cha uwanja uliozungushiwa uzio. Kisiingizwe Barabara ya Morogoro wala barabara nyingine ya umma, wala kwenye misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi. Mtoto avae helmeti, glavu, buti na kinga ya kifua, na mtu mzima awepo kila injini inapowashwa.